Laptopu za Mlandege na Mawe ya Mji Mkongwe

Soko la Darajani, mjini Zanzibar, lilijengwa mwaka 1904, na asubuhi yake bado haina mpinzani. Kwenye mnada wa samaki pweza wanang'aa juu ya saruji iliyomwagiwa maji, wauza viungo wamepanga mdalasini na karafuu kwa mafungu, na msimu huu wa kaskazi harufu ya doriani inakufikia kabla hujamwona anayeyauza. Ukitoka hapo ukaingia Mlandege, mwendo wa dakika chache tu, hewa inabadilika. Unanusa maboksi, plastiki mpya na nguo zilizotolewa kwenye robota. Juu ya meza za vioo laptopu zimefunguliwa, zote zimegeuziwa njiani, na nyingi hazijabandikwa bei. Bei inasubiri salamu.

Nimetoka Iringa, ninakofundisha sekondari. Mitihani, matokeo ya wanafunzi na makala ninazoandika usiku vyote vimo ndani ya laptopu yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 6. Bado inawaka kila asubuhi, lakini tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifikisha mwisho huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 haiipokei mashine yangu. Mfumo huo unataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, zilizoanza kutoka mwaka 2017, pamoja na kijenzi cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Walimu wenzangu wengi wamekwama hapohapo. Katika chumba cha walimu tumebishana wiki nzima: ninunue mpya, ninunue ya zamani ya bei rahisi, au nichukue iliyokarabatiwa? Kila mmoja alikuwa na shemeji aliyeshauri lake. Likizo ilipofika nilikuwa na safari ya kumtembelea rafiki yangu Jambiani, nikaona niubebe mjadala huo na kuuvusha bahari.

Duka la kwanza nililoingia lilikuwa la kijana aliyevaa kofia ya viua iliyodariziwa vizuri. Nilipomtolea salamu ya bara, "Habari za kazi?", alijibu kwa upole kisha akaanza upya kwa njia yake: "Assalaam aleikum, karibu mwalimu." Ualimu wangu aliutambua kwenye mfuko wa daftari. Kariakoo ninakopita kila niendapo Dar es Salaam, swali la kwanza la muuzaji ni bajeti yangu. Huyu aliuliza kazi yangu. Nikamweleza kwamba ninaandika, ninatumia majedwali ya alama, nina mikutano michache ya video, na umeme wetu unakatika. Akasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akaleta mashine tatu na kuzipanga mbele yangu kwa utulivu wa mtu asiyeogopa kuulizwa.

Ya kwanza ilikuwa mpya ndani ya boksi lake, nyepesi, kava lake la rangi ya fedha. Bei yake ilikuwa laki tisa na nusu. Akaniwashia, akafungua ukurasa wa maelezo, akauweka mbele yangu nisome mwenyewe: prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4, hifadhi ya eMMC ya GB 64. "Mpya hii, na waranti ina," akasema. "Lakini mwalimu, RAM imelehemiwa kwenye bodi, na hifadhi nayo imelehemiwa. Ikijaa, imejaa. Ukitaka kuongeza, huna pa kuongeza."

Ya pili ilikuwa EliteBook 840 G3, mashine ya HP iliyotoka mwaka 2016, ya kizazi cha 6 kama yangu. Hii ilikuwa mtumba halisi. Imetoka kwenye kontena, imefutwa vumbi, imewekwa mezani. Laki nne na ishirini. Ya tatu ilikuwa ndugu yake mdogo, 840 G5 ya mwaka 2018, yenye prosesa ya kizazi cha 8, RAM ya GB 16 na SSD. Hiyo ilikuwa imekarabatiwa, na bei yake ni laki sita na themanini. Pembeni palikuwa na ThinkPad T480 ya mwaka huohuo wa 2018, na MacBook Air ya prosesa ya M1, toleo la mwishoni mwa 2020, ambayo bei yake sikuiuliza mara mbili.

Nilimwuliza kwa nini mitaa yote ile imejaa aina tatu tu: EliteBook, ThinkPad na Latitude za Dell. Jibu lake lilinifungua macho. Hizo ni mashine za maofisini. Benki na makampuni makubwa ya Ulaya, Marekani na Ghuba hununua au hukodi mamia kwa mara moja, na baada ya miaka mitatu hadi mitano huzibadilisha zote kwa pamoja, hata zile zinazofanya kazi vizuri. Zinapita kwenye maghala ya Dubai na Sharjah, zinafutwa data, zinapangwa kwa gredi kulingana na mikwaruzo, kisha zinashuka huku. Kwa kuwa ni nyingi na zinafanana, vipuri vyake havikosekani. Kioo cha moja kinaingia kwenye nyingine, na kibodi ya iliyokufa inaifaa iliyo hai. Laptopu za bei ya chini za nyumbani, zinazobadilishwa umbo kila mwaka, hazina ukoo mkubwa kama huo.

Adhana ya adhuhuri ilipoanza alisimama, akaomba radhi, akaweka kiti katikati ya mlango na kuondoka. Laptopu zote zilibaki wazi mezani. Nilisimama kibarazani na wateja wengine wawili, tukasubiri, na hakuna aliyeuvuka mguu wa kiti kile. Kwetu Iringa mlango ungefungwa kwa kufuli mbili.

Sikununua siku ile. Niliingia ndani ya Mji Mkongwe, kwenye vichochoro ambavyo jua huvitembelea saa sita tu, nikatokea Sokomuhogo kwenye baraza iitwayo Jaws. Wazee walikuwa wakicheza dhumna, na muuza kahawa alikuwa amekaa na dele lake juu ya makaa. Kahawa ya Unguja ni chungu na haina simile. Kashata ya nazi inayofuatana nayo ndiyo inayokupa moyo wa kumaliza kikombe. Sisi wa nyanda za juu tumezoea chai ya maziwa kikombe kikubwa, inayonywewa polepole kwa ajili ya baridi. Hapa kikombe ni kidogo na mazungumzo ndiyo marefu.

Mzee mmoja aliponisikia nikitaja laptopu aliweka kete zake chini. "Mwanangu," akasema, "sie huku tulitazama televisheni ya rangi wakati nyie bara hamna hata ya nyeusi na nyeupe." Alisema kweli. Televisheni Zanzibar ilianza kurusha picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994 kupata kituo chake. Mzee alikumbuka seti iliyowekwa mtaani kwao, watoto wamekaa chini, wakubwa wamesimama nyuma. "Seti ile haikutupwa," akaendelea. "Ikizima, anaitwa fundi na kisanduku chake. Anafungua nyuma, anagusa hapa, anagusa pale, inawaka. Tuliitumia mpaka wenetu wakaoa."

Wenzake walidakia. Mmoja alieleza jinsi katikati ya miaka ya 1980, Ali Hassan Mwinyi alipoiongoza Zanzibar na kisha Jamhuri ya Muungano, milango ya biashara ilivyofunguliwa, na watu wa bara wakaanza kuvuka kufuata redio, kaseti na televisheni za Dubai. Kabla ya hapo, majahazi yalikuja kwa upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba na kurudi kwa kusi. Njia ya mali ni ileile. Kilichobadilika ni chombo, kwa sababu leo ni kontena linalopakiwa Jebel Ali. Kisiwa hiki kimeishi karne nyingi kwa kupokea vitu vilivyotengenezwa mbali, na watu wake wamejifunza kuvihukumu vitu kwa swali moja: kikiharibika, nani atakitengeneza?

Kutoka hapo nilishuka Forodhani. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa limezungushiwa uzio. Tarehe 25 Desemba 2020 upande wake mmoja uliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Lilikuwa jumba la kwanza hapa kuwaka umeme, la kisasa kuliko yote ya wakati wake, na lilivumilia hata mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliyoibomoa kasri ya jirani. Hadi linaporomoka lilikuwa limekaa muda mrefu bila matunzo ya kutosha.

Mwendo mfupi kutoka hapo, kando ya barabara ya Mizingani, limesimama jengo la zahanati ya zamani. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na tajiri Tharia Topan. Baada ya Mapinduzi ya 1964 lilichakaa mno, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 Aga Khan Trust for Culture ikalikarabati, roshani moja baada ya nyingine. Leo mbao zake zilizonakshiwa zinasimama imara mbele ya bahari. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia.

Kwenye kichochoro cha Shangani nilimkuta fundi akipaka ukuta chokaa. Nikamwuliza kwa nini hatumii saruji, ambayo ni rahisi kupatikana na hukauka upesi. Alinionyesha ukuta wa jirani uliopigwa plasta ya saruji: umetoka malengelenge, na chini yake jiwe la matumbawe linamomonyoka kama unga. "Saruji inalifunga jiwe," akasema. "Maji yakiingia hayatoki. Chokaa inapumua. Huyu jirani ukarabati wake ulipendeza mwaka mmoja, kisha ukaanza kumlia nyumba."

Maneno yale niliondoka nayo, maana yalinifafanulia kilichokuwa kinanitatiza Mlandege. Zahanati na nyumba ya jirani zote zilikuwa zimekarabatiwa, na zote zilikuwa zimewahi kupendeza. Anayetaka kujua ipi itadumu lazima aulize ndani kumefanyika nini, kwa mikono ya nani. Laptopu iliyopanguswa kava na kubandikwa stika mpya, na laptopu iliyofunguliwa, ikasafishwa feni, ikabadilishwa betri na kupimwa, zote zinauzwa kwa jina moja.

Kesho yake nilivuka Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliofukiwa zamani, nikayapita majumba marefu ya Michenzani yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, nikafika kwa fundi niliyeelekezwa na mwenye duka wa Mlandege mwenyewe. Hilo nalo nilijifunza kuliheshimu. Muuzaji anayekuelekeza kwa fundi asiye wake hana la kuficha. Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye feni ya dari, droo za skrubu zilizopangwa kwa ukubwa, na harufu ya lehemu. Fundi alikuwa dada wa makamo, mtandio wake umefungwa nyuma ili usiguse kazi, na vijana wawili wakimsaidia.

Aliniambia adui wa kwanza wa laptopu Unguja ni chumvi. Hewa ya bahari inaingia na feni, inakaa juu ya bodi, na miguu ya vijenzi inaota kutu ya kijani. Alinionyesha bodi mbili chini ya kioo cha kukuzia, moja ya duka lililo ufukweni Nungwi na nyingine ya ofisi ya ndani ya mji, na tofauti ilionekana hata kwa jicho la mwalimu wa historia. Nikamweleza kwamba kwetu Iringa adui ni vumbi la kiangazi linaloziba feni. Akacheka. "Basi mashine ya kwenu ikija kwetu, na yetu ikienda kwenu, zote zitaomba talaka."

Adui wa pili ni umeme. Kisiwa kinapata umeme wake kwa waya wa chini ya bahari unaotoka bara. Waya wa kwanza ulilazwa mwaka 1980, na ulipokuwa umezeeka Unguja iliingia gizani, mara moja mwaka 2008 na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya ulianza kazi mwaka 2013. Fundi aliyakumbuka majenereta ya miezi ile. Umeme wake ulipanda na kushuka, ukaunguza chaja na bodi nyingi, na kazi ile ndiyo iliyomfundisha ufundi wake, kwa sababu mashine mpya zilikuwa adimu na watu walilazimika kufufua walizonazo. Anashauri kila mteja wake akae na kidhibiti umeme, hata kama laptopu ni mpya ya milioni mbili.

Kisha akanifundisha namna ya kuichunguza laptopu kabla ya kuinunua, na ninaiandika hapa kwa ajili ya wasomaji wanaojiandaa kununua. Anza na namba ya prosesa. Kwenye Intel za familia ya i5 na i7 za miaka ile, tarakimu ya mwanzo baada ya kistari ni kizazi: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8. Mtu akikuambia tu "ni i7", hajakuambia kitu, kwa maana i7 ya kizazi cha 4 inaachwa nyuma na i5 ya kizazi cha 8. Pili, iambie Windows ikuandalie ripoti ya betri. Ripoti hiyo inalinganisha uwezo ambao betri ilizaliwa nao na uwezo iliobaki nao. Ikiwa imebaki na nusu, hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei unayopatana. Tatu, ingia kwenye BIOS uone haina nenosiri, na hakikisha mashine haijafungwa na kampuni iliyoimiliki awali, kwa sababu kufuli za namna hiyo zinaweza kurudi siku utakayounganisha intaneti. Nne, fungua na kufunga kioo mara kadhaa usikilize bawaba, bonyeza kila kitufe cha kibodi, ingiza kitu kwenye kila tundu. Mwisho, omba kifuniko cha chini kifunguliwe. Ukiona kutu ya kijani, alama za maji au skrubu zilizokosekana, ondoka kwa salama.

Jioni nilikula urojo barabarani. Anayeujua urojo atanielewa nikisema ni mlo uliotungwa na bandari: ukwaju na embe kutoka shambani, bhajia zenye asili ya Uhindi, mihogo ya kukaanga, mishikaki, na pilipili inayokufanya uombe maji. Iringa mlo wetu wa jioni ni ugali, maharage na mboga za majani, vitu vilivyotoka umbali wa kutembea kwa miguu. Hapa bakuli moja limesafiri nchi nne.

Nikiwa njiani kwenda Jambiani nilishuka Tunguu, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999. Chini ya mti walikaa wanafunzi na laptopu zao mapajani, na karibu zote zilikuwa za ukoo uleule wa Mlandege. Binti mmoja alinionyesha kibodi yake yenye herufi za Kiarabu pembeni mwa zile za Kilatini, alama kwamba mashine ilifanya kazi Ghuba kabla ya kufika kwake. "Nyumbani bibi yangu anaisoma vizuri kuliko mie," akasema kwa furaha. "Yeye alijifunza herufi hizi chuo cha Qurani, hajaenda skuli." Sikuwahi kufikiri kwamba laptopu ya mtumba inaweza kumpa bibi nafasi ya kumfundisha mjukuu kitu kwenye kompyuta.

Wanafunzi hao walinieleza hesabu yao wazi. Fedha za laptopu mpya yenye nguvu wanayoihitaji kwa programu zao zingelipa ada kubwa. Mpya ya bei ya chini inawaangusha mwaka wa pili, hifadhi ikishajaa. Kwa hiyo wanachukua ya ofisini iliyokarabatiwa, wanaongeza RAM wakipata fedha, na wanabadilisha betri mara moja kabla ya kuhitimu. Mashine inayokubali kuongezwa inakua na mwanafunzi.

Lakini kuna upande ambao Mlandege hauonyeshi. Si mbali na Tunguu ni Kibele, zinakopelekwa taka za mji. Kila laptopu inayoshuka bandarini, mpya au kuukuu, siku moja itatafuta mahali pa kuzikwa. Ripoti ya kimataifa ya taka za kielektroniki inaonyesha kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa inavyopaswa. Kuanzia 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unataka taka zote za kielektroniki zisivuke mpaka bila nchi inayopokea kuridhia kwanza. Hilo ni jambo jema, maana mashine iliyokufa ikiletwa kwa jina la mtumba inakuwa imetuhamishia gharama ya mazishi yake. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Bara. Naamini kisiwa kilichotangulia kwenye mifuko kinaweza kutangulia pia kwenye betri na bodi, kwa kuweka mahali maalumu pa kuzipokea kabla hazijafika Kibele.

Jambiani maji yalikuwa yamekupwa, na wanawake walikuwa mbali kwenye mashamba ya mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara hapa mwaka 1989. Rafiki yangu, mwalimu mwenzangu wa skuli ya msingi, alinipikia wali wa nazi na changu wa kupaka. Baada ya kula watoto wake watatu waligombania laptopu ya ThinkPad X230, mashine ya mwaka 2012 ambayo Windows 11 isingeitazama hata mara moja. Juu yake palikuwa na Ubuntu, mfumo wa bure wa familia ya Linux, pamoja na SSD ndogo na betri mpya. Mkubwa anaandikia kazi zake, wa kati anajifunza kuchora, mdogo anatazama katuni. Mama yao aliniambia waliipata kwa bei ndogo sana kutoka kwa fundi wa Ng'ambo, ikiwa imetupwa na ofisi. Haiwezi kila kitu, lakini kwa waliyoitaka inatosha, na masasisho ya usalama inayapata.

Nikarudi mjini, nikapatana na kijana wa Mlandege kwa utaratibu wa kwao, ambao ni wa polepole na hauna kelele. Nilichukua ile 840 G5. Kabla ya kulipa ilifunguliwa mbele yangu, betri ikapimwa na kubadilishwa, pesti ya prosesa ikapakwa upya, na mwenye duka akaniandikia risiti yenye namba ya mashine na ahadi ya miezi mitatu. Ile yangu ya zamani nimeiwekea Linux na SSD, na sasa iko maktaba ya shule yetu Iringa, wanafunzi wanaiandikia insha.

Sasa hukumu yangu. Nunua mpya ikiwa kazi yako inahitaji nguvu nyingi, au mwajiri anataka waranti ndefu, na una fedha ya kupata mpya yenye angalau RAM ya GB 8 na SSD ya kutosha. Mpya dhaifu ya bei ya chini iache dukani. Chukua ya zamani kabisa kwa ajili ya watoto na maktaba, uitie Linux, na usiilipie zaidi ya thamani ya kazi hiyo. Kwa sisi wengine, walimu, wanafunzi, waandishi na wenye biashara ndogo, mashine ya ofisini iliyokarabatiwa, ya kizazi cha 8 au zaidi, yenye RAM na hifadhi zinazobadilishika, ndiyo chaguo la busara leo. Wenye maduka nawaomba waandike kwenye risiti kila walichobadilisha. Nawe msomaji, siku ya kununua mwombe muuzaji aifungue mashine mbele yako na akutajie fundi aliyeifungua mara ya mwisho. Akikataa, mshukuru, funga pochi yako, nenda duka la pili.